Wakala wako akijibu "hakuna taarifa", kagua seva kwanza

Mkuu, umesema umesimamisha SearXNG (programu huria ya utafutaji inayokusanya majibu ya injini nyingine kama Google na Bing) kwa Docker, yaani ndani ya kontena, ili mawakala wako wa akili mnemba watafute mtandaoni bila kulipia, kivinjari kinaleta majibu vizuri, ila programu yako ikiomba majibu kwa JSON, muundo ambao programu husoma, inapigwa 403, yaani inakataliwa. Hilo ni dogo. SearXNG ikitoka kiwandani inaruhusu html peke yake. Fungua settings.yml, sehemu ya search, chini ya formats ongeza json, kisha washa upya kontena. Ukiwa humo humo badilisha secret_key, usiiache ile ya mfano.

Na poti yake ifunge kwa 127.0.0.1, ili ifikiwe kutoka mashine hiyo hiyo tu. Ukiandika 8080:8080 tu, Docker inaifungua kwa dunia nzima hata kama ufw, ule ukuta wa moto wa Linux, inakuonyesha imefungwa, kwa sababu Docker inaandika yenyewe kanuni zake za iptables, zinazoamua nani apite. Wengi wameshikwa hapo.

Juu yake unaweka seva ya MCP (Model Context Protocol), ile itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, ili wakala aone utafutaji kama zana. Kwa Python ni mistari michache sana. Kama unatumia stdio, yaani seva na wakala wanaongea kupitia ingizo na tokeo la kawaida la programu, usiweke print hata moja kwenye kodi yako: mkondo ule ni wa ujumbe wa JSON-RPC tu, ndiyo lugha ya MCP, na neno lolote la ziada linavuruga mazungumzo. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa sababu ya print iliyosema "seva imeanza". Kumbukumbu zote zipeleke stderr, mkondo wa pembeni wa makosa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, na ndilo lililonifanya niandike marefu hivi.

Ninaendesha msaidizi wa maswali kwa ofisi ndogo ya malori hapa Dar. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta zinazoanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na siku hiyo mpanga safari wetu huuliza bei ya dizeli mikoani kabla hajawapa madereva fedha za njiani. Jumatano moja asubuhi akauliza ya Dodoma. Wakala akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba bei mpya bado hazijatangazwa. Naye akaamini, akapiga hesabu kwa bei za mwezi uliopita. Mchana dereva anapiga simu kutoka kituoni, hela haitoshi, na bei mpya zilikuwa zimeshatoka.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Ombi lilirudi na 200, yaani limefanikiwa, kila kitu kijani. Ila results ilikuwa [], orodha tupu, na chini yake, kwenye unresponsive_engines (injini zisizojibu), zimejipanga injini zote nilizowasha: moja imedai CAPTCHA, lile jaribio la kuthibitisha wewe si roboti, nyingine maombi yamezidi. Zilikuwa zimeishuku IP ya seva yangu zikaifungia mlango. Kodi yangu ilisoma results peke yake, ikampa wakala orodha tupu. Yeye angejuaje? Kwake tupu maana yake hakuna kitu duniani. Sikuweza kumlaumu, mimi ndiye niliyemficha ukweli.

Kwa hiyo zana yangu leo ina majibu mawili tofauti kabisa. Injini zikijibu na hakuna kilichopatikana, inasema hivyo. Injini zikigoma, inarudisha isError, alama ya MCP kwamba zana imeshindwa, pamoja na maneno haya: "Utafutaji umeshindikana, injini hazikujibu. Usiseme taarifa haipo. Mwambie mtumiaji umeshindwa kutafuta." Sentensi hizo ziandike kama unamwelekeza kijana mgeni kazini, kwa sababu modeli inazisoma na kuzifuata. Pia naweka majibu kwenye akiba kwa dakika kumi, ili swali lile lile lisizigongee injini mara sita. Kwa kazi isiyoweza kusubiri nina API ya kulipia kama njia ya pili. Usitegemee injini za bure peke yake kama kuna mtu anatoa hela kwa jibu hilo.

Matokeo yenyewe usimwage yote. Natoa matano: kichwa, anwani, tarehe kama ipo, na muhtasari usiozidi herufi 300. Akitaka zaidi anatumia zana ya pili ya kufungua ukurasa. Hiyo ya pili iwekee ulinzi wa kweli: ikatae anwani za ndani, hasa 169.254.169.254 ambako seva nyingi za wingu huweka siri zake, na ikague anwani upya kila ukurasa unapoihamishia kwingine. Tena, ukurasa wowote unaweza kuficha maandishi ya kumwamuru wakala afanye jambo, kwa hiyo anayesoma mtandao nisingempa pia uwezo wa kutuma barua pepe au kugusa malipo.

Kabla hujawakabidhi watu, fanya jaribio hili. Ikatie SearXNG mtandao kwa makusudi ili injini zote zishindwe kujibu, kisha muulize wakala jambo ambalo unajua kabisa lipo, bei ya dizeli Dodoma inatosha. Akikiri kwamba ameshindwa kutafuta, endelea. Akikwambia halipo, rudi kwenye kodi. Ukikwama, weka hapa kipande cha kodi kinachosoma JSON, nitakipitia.