Wageni wanaorudi saa 8 usiku Mji Mkongwe: kitasa cha namba, betri na mlinzi

Ndugu, umeuliza kama nyumba yako ya wageni ya vyumba sita Mji Mkongwe, Zanzibar, iwekwe kitasa cha namba, mlinzi asiamshwe kila mgeni anaporudi saa 8 usiku. Iwekwe. Lakini usimchanganye anayerudi matembezini na anayefika usiku kwa mara ya kwanza. Yule namba inamtosha. Huyu anahitaji mtu. Teksi haiingii vichochoroni, na ramani ya simu huyumba kwa sababu kuta ndefu hurudisha mawimbi ya setilaiti. Chukua namba ya ndege yake, fuatilia kama imechelewa, mlinzi akampokee Darajani au Forodhani.

Mlango wa mchongo usiutoboe. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mabadiliko ya jengo hupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Tena vitasa vingi vya namba hutengenezwa kwa mlango wenye unene wa milimita 35 hadi 55. Mbao za kale pamoja na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, huzidi hapo. Mlinzi akae dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, mlango mkubwa uwe wazi upande mmoja, kitasa kifungwe kwenye mlango wa ndani.

Kama mlango wa ndani hakuna, tumia kisanduku cha funguo, ila kile cha magurudumu manne ya tarakimu, chenye michanganyiko 10,000. Vile vya vitufe vingi havijali mpangilio: 1-4-7-9 na 9-7-4-1 ni kitu kimoja, hivyo tarakimu nne tofauti zinabakiwa na michanganyiko 210 tu. Mtu mwenye subira anaimaliza usiku mmoja.

Kitasa chagua kinachokubali kuwekewa namba za muda bila intaneti, maana wifi haipenyi kuta za mawe ya matumbawe, na umeme ukikatika ruta nayo inazima. Namba hizo zinategemea saa iliyo ndani ya kitasa. Ukibadilisha betri, fungua programu ukiwa karibu na mlango usawazishe saa, na uhakikishe programu inasoma saa za Afrika Mashariki. Mgeni anayelalamika kwamba namba yake "imekufa" mapema mara nyingi amekwamishwa na hilo.

Betri weka nne za alkalini, zote mpya, za aina moja. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo onyo la chaji ndogo linakuja kabla ya wakati na mwisho watu wanalizoea. Za lithiamu zinashikilia nguvu mpaka dakika za mwisho kisha zinaporomoka, onyo usilione. Kagua vishikio vya betri kila mwezi: hewa ya chumvi huvitia kutu ya kijani. Kitasa kiwe na sehemu ya kuchomeka pawabenki kwa nje, na mlinzi awe nayo ikiwa imejaa.

Kinachoua betri haraka zaidi ni mlango wenyewe. Masika mbao hufura, ulimi wa kitasa unasugua tundu la fremu, mota inasukuma mara mbili tatu. Acha nafasi ya milimita 3 pembeni na panua tundu kidogo. Weka pia mkono wa chuma unaoufunga mlango wenyewe mtu akishapita, uurekebishe ubane taratibu. Bila huo mgeni ataingia na kuuacha umerudishwa tu, na kitasa cha bei yoyote hakitakusaidia.

Kutoka ndani kusihitaji namba wala ufunguo. Kushusha mkono wa kitasa kutoshe. Ile tabia ya kupiga kufuli kwa ndani usiku iache kabisa. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba, moto ukitokea hakuna njia ya pili.

Namba: tarakimu nne za mwisho za simu ya mgeni. Hata akirudi amechoka ataikumbuka, jambo la maana kwa sababu vitasa vingi hujifunga kwa dakika kadhaa baada ya makosa matano hivi. Itume akishaandikwa kwenye kitabu cha wageni na pasipoti imeonekana, siyo siku ya kuweka nafasi. Iishe saa 6 mchana siku ya kuondoka. Mlinzi awe na yake peke yake, kumbukumbu za kitasa zionyeshe nani kaingia saa ngapi. Mgeni wa mgeni aandikwe naye kabla ya kupanda ngazi. Hilo mwambie mapema, siyo mlangoni usiku majirani wamelala.

Taa ya sola yenye kihisi iwe juu ya vitufe. Ufunguo wa chuma wa akiba uufunge kwenye bahasha yenye sahihi yako, akae nao mlinzi. Asubuhi ukikuta imefunguliwa, atakueleza kwa nini.