Kabla hujalipia hiyo amplifaya ya "3000W", igeuze nyuma

Mkuu, hela irudishe mfukoni kwanza. Umeuliza kuhusu spika zako za wati 100 RMS (yaani nguvu halisi ya mfululizo), omu 8 (ukinzani wake wa umeme), halafu unataka kuzifunga kwenye kidude cha laki na ishirini eti "ni kidogo, hakiwezi kuziunguza"? Hicho kidogo ndicho kilichoniunguzia mimi.

Nilipata spika za mtumba, mbao nzito, nikabeba mpaka Kariakoo kutafuta amplifaya. Muuzaji akaniambia, "Kaka, inayoua spika ni amplifaya kubwa, chukua hii ulale usingizi." Msinicheke, jamaa alikuwa kaning'iniza bisibisi shingoni kama daktari, ungebisha wewe?

Siku ya kipaimara cha mpwa wangu watu wakachangamka, nikafungulia volumu mpaka mwisho. Sauti ikaanza kukwaruza kama dagaa wanakaangwa. Mimi nacheza tu. Nusu saa baadaye twita zote mbili, vile vispika vidogo vya sauti za juu, kimya, limebaki besi linavuma kama mtu anaongea ndani ya pipa. Shemeji akauliza kama tulete redio ya bibi.

Fundi alipofungua twita, waya wa koili ya ndani, mwembamba kama unywele, ulikuwa mweusi na umekatika. Kisha akanigeuzia amplifaya: mgongoni kibandiko kinasema inavuta wati 60 za umeme. Sitini! Hizo 3000 za usoni inazitoa wapi, kwa mganga? Ni PMPO, namba ya mapambo. Kwa kweli ilikuwa na wati kama 20 kila upande. Ukiilazimisha, inakata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa hivyo yanapeleka nguvu nyingi kwenye sauti za juu, ambako anayezila ni twita. Twita mpya na fundi vilinigharimu kuliko amplifaya yenyewe. Yule wa bisibisi nilipomrudia akasema nilipiga muziki mbaya.

Kwa hiyo soma nyuma, siyo mbele. Akikwambia inatoa wati 100 kila upande na mgongoni inavuta 60, aga uondoke. Kwa spika zako tafuta 80 hadi 120 RMS za kweli kwa omu 8, na ikianza kukwaruza punguza hapo hapo, hata kama ngoma imefika patamu.

Uliuliza na waya, sijui na pa kuziweka sebuleni, wakuu wengine watakuja. Wewe nenda dukani, piga picha mgongo wa hiyo amplifaya, uiweke hapa.