Leseni ya upelelezi binafsi California

Mkuu, umeuliza kama cheti cha kozi ya mtandaoni kitampa mdogo wako leseni ya upelelezi binafsi California. Hapana, hakimpi. Leseni hutolewa na BSIS, idara ya serikali ya jimbo, na kigingi ni uzoefu: saa 6,000 za kazi ya upelelezi yenye malipo, kama miaka mitatu hivi. Mwenye shahada ya sheria hupunguziwa, zinabaki 4,000. Kupeleka hati za mahakama au kudai madeni kwa simu hakuhesabiwi, na wengi hukwama hapo. Alama za vidole na mtihani vipo pia. Masharti yote yako kwenye tovuti yao, ayasome kabla ya kumtumia mtu hela. Akirudi Dar, leseni hiyo haimsaidii kitu.