Taa za omena na ulimwengu unaozidi kwenda mbio

Nilipoandika hapa kwamba ulimwengu unapanuka, na kwamba kasi yenyewe inazidi kuongezeka, maswali yaliingia kutoka Kondele hadi Bungoma. Najibu matano leo.

Nani aliyepima, na alipimia nini? (Mwalimu wa fizikia, Maseno)

Mwalimu, hili ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa hiyo niruhusu nilikalie. Shuka Dunga usiku usio na mwezi, utazame taa za wavuvi wa omena ziwani. Ukijua kwamba taa zote zina nguvu sawa, ile inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Huhitaji mtumbwi wala kamba.

Huko angani, taa hiyo ni supanova ya aina ya Ia: mlipuko wa nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha mafuta yake. Milipuko hii inakaribiana sana kwa nguvu, na tofauti iliyopo husahihishwa kwa kuhesabu siku inazochukua kufifia. Ufifi wake hukuambia umbali. Kiasi ambacho mwanga umesogea kuelekea rangi nyekundu hukuambia ulimwengu umetanuka kiasi gani tangu mwanga huo uanze safari.

Vikundi viwili vilikuwa vikishindana: kimoja kikiongozwa na Saul Perlmutter, kingine na Brian Schmidt, ambamo alikuwemo Adam Riess. Wote walitarajia kukuta upanukaji unapungua kasi, kwa sababu mada, yaani vitu vyote vyenye uzito, huvutana. Pikipiki iliyozimwa injini kwenye mpando wa Kisian kwenda Maseno haina budi kuchoka. Mwaka 1998 wakatangaza kinyume chake: supanova za mbali zilikuwa hafifu kuliko walivyotarajia, maana yake zilikuwa mbali zaidi. Pikipiki inapanda mlima huku ikiongeza mwendo! Kinachonifanya niamini ni kwamba mahasimu wawili walifikia jibu moja, tena jibu ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Mwaka 2011 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Ni kweli Einstein alikitupa kithabiti chake, kisha kikarudi? (Msomaji, Kakamega)

Ni kweli. Mwaka 1917 Einstein aliongeza namba moja isiyobadilika kwenye milinganyo yake ili ulimwengu utulie, usijikunje kwa mvutano wake wenyewe. Hicho ndicho kithabiti cha kosmolojia, kinachoandikwa kwa herufi ya Kigiriki lambda. Mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kwamba galaksi, yale makusanyo makubwa ya nyota, zinatuacha, na zilizo mbali zaidi ndizo zenye kasi zaidi. Haukupita muda Einstein akaifuta namba yake. Yale maneno ya “kosa kubwa maishani” tumeyapata kwa George Gamow, aliyeyasimulia baada ya Einstein kufariki, kwa hiyo mimi siyategemei sana.

Sasa namba hiyo imerudi kwa kazi nyingine. Mchuzi ukiuongeza maji unapoteza ukolezi, na ndivyo mada inavyopungua ukolezi ulimwengu unapotanuka. Lambda ni nishati ya anga tupu yenyewe, kwa hiyo haizimuliki: kila mita ya ujazo inabaki na kiasi kilekile, sawa na atomi nne hivi za haidrojeni. Ni kidogo mno, lakini anga tupu ni kubwa, na leo nishati hiyo, inayoitwa nishati ya giza, ni karibu asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Mada ilipozimuka vya kutosha, kama miaka bilioni 5 au 6 iliyopita, msukumo wa nishati hiyo ukaushinda mvutano.

Linaloniumiza kichwa ni hili: makadirio ya kawaida ya nishati hiyo kwa fizikia ya chembe ndogo hutoa jibu linalozidi kipimo mara 1 yenye sifuri 120 hivi nyuma yake.

Je, ziwa letu na nyumba zetu navyo vinatanuka? (Mama wa Nyalenda)

Hapana, mama. Mawe, miili yetu, Dunia na Jua vimeshikwa na nguvu zinazoushinda msukumo huo kwa mbali sana. Kinachotanuka ni nafasi iliyopo kati ya makundi ya galaksi.

Nimesikia nishati hiyo inapungua. (Mwanafunzi, Nakuru)

Umesikia vizuri, ila usikimbilie hitimisho, mwanangu. Mradi wa DESI, unaochora ramani ya galaksi kwa darubini iliyoko Arizona, Marekani, ulitoa matokeo mwaka 2024 na tena 2025 yanayodokeza kwamba nishati ya giza huenda inadhoofika. Dokezo hilo halijafikia kiwango ambacho wanafizikia hukiita ugunduzi. Likithibitika, lambda haitakuwa kithabiti tena, na vitabu vyenu vitaandikwa upya.

Naweza kuona galaksi inayotukimbia nikiwa hapa Kisumu? (Kijana wa Kondele)

Kwa macho matupu, hapana. Galaksi unazoweza kuziona hivyo ni jirani zetu tuliofungwa nao kwa mvutano, na Andromeda hata inatujia, kilomita 110 hivi kila sekunde. Lakini sisi wa ikweta tunaziona za kaskazini na za kusini pia. Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimepungua, toka saa tatu usiku mahali pasipo na taa, utazame kusini, si juu sana. Lile wingu dogo lisilosogea ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu. Mwanga utakaouona uliondoka huko kama miaka 160,000 iliyopita.