Barua kwa mwanangu aliyeko Nampula

Mwanangu Neema,

Barua yako tumeisoma, mimi na mamako. Unauliza uongeze mwaka wa pili wa kazi ya misheni huko Msumbiji au urudi Mombasa. Siku zako umetueleza: sala alfajiri, Kireno hadi saa nne, kisha wewe na mwenzio nyumba kwa nyumba mpaka jua lizame. Hukusema unakula na nani.

Yule kijana Mzungu wa misheni aliyekaa chumba cha uani kwa babu yako, Kisauni, habari zake unazo. Siku aliyofika bibi yako alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, samaki mwenyewe wa mkopo. Kijana akashukuru vizuri, akaingia chumbani, tukasikia mkebe unafunguliwa. Bibi hakusema neno. Mimi nilikuwa mtoto, na sauti ya ule mkebe haijaniisha masikioni.

Baadaye jirani yetu Mwislamu akafa. Kijana huyo huyo akabeba maji na vijana wenzake, akakaa jamvini, akala sinia moja na wazee, wali ukimponyoka vidoleni, nasi watoto tukicheka mpaka tukafukuzwa. Kuanzia hapo mtaa mzima ukamwita mwana wa Bibi. Hakuna aliyebatizwa kwa sababu ya sinia lile, najua. Lakini nimesema miaka yote na narudia: asiyekula na watu hajafika.

Halafu najibishana mwenyewe. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe Rosina na kitoto chao mwaka uo huo, asiondoke. Kaburi si tulikupeleka ukalione, pale Nyali? Rebmann, mmisionari mwenzake, naye alikaa Rabai tangu 1846 hadi 1875, akaondoka macho hayaoni, na waumini wake ni wa kuhesabika. Mbele ya hao, mwaka mmoja ni nini? Ila hao hawakuwa binti zangu.

Basi mwendee yule mama anayewauzia mkaa, akufundishe ugali wa muhogo, mle pamoja, ndipo uniandikie tena. Sikwambii kaa, sikwambii rudi, ingawa ulimi unaniwasha tangu nianze barua hii. Mamako amesimama begani kwangu, anataka niandike "rudi". Nimemwambia aandike barua yake.

Babako