Maswali yenu: ngano za Kiyahudi katika vitabu vya picha

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka minne, na maktaba ya huku kwetu ina ngano nyingi za Kiyahudi zenye picha. Nianze na kipi? (Baba, Minneapolis)

Marahaba. Anza na *It Could Always Be Worse* cha Margot Zemach, cha mwaka 1976. Maskini mmoja anaishi na mama yake, mkewe na watoto sita katika kibanda cha chumba kimoja. Kelele zinapomshinda anakwenda kwa rabi, kiongozi wao wa dini. Rabi anamwamuru aingize kuku ndani, halafu mbuzi, halafu ng'ombe! Siku anayoruhusiwa kuwatoa wote, kibanda kile kile kinageuka pahali pa raha. Kila wanyama wanapoongezeka picha zinazidi kujaa, kwa hiyo mtoto anaelewa hata kabla hujamaliza sentensi. Mwache abahatishe nani atafuata. Na tafadhali, ukifika mwisho usimwambie "hadithi hii inatufundisha". Akicheka, ameshaipata.

Sisi ni Waislamu. Je, hazitamchanganya mtoto kidini? (Mama, Tanga)

Sioni hatari hiyo. Nyingi kati ya ngano hizi zilisimuliwa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na zinahusu umaskini, ujanja na ujinga wa binadamu. Mtoto aliyekua na visa vya Abunuwasi atawapenda mara moja watu wa Chelm, mji wa wajinga katika ngano hizi, wanaojiona wenye hekima kuliko dunia nzima huku wakiutega mwezi kwenye pipa la maji ili wawe nao usiku wa giza.

Nisichokubali ni kuficha. Wapo wanaosoma na kumgeuza rabi kuwa "mzee wa kijiji" ili mambo yawe mepesi. Usifanye hivyo. Mwambie mtoto kwamba hadithi ni ya Wayahudi, nao wanaye rabi kama sisi tulivyo na sheikh. Chelm ni mji wa kweli, mashariki mwa Poland, na Wayahudi wake karibu wote waliuawa na Wanazi katika Vita Kuu ya Pili. Mtoto wa chekechea hana haja ya kuyasikia hayo leo. Lakini wewe unayemsomea unayajua, na kuwataja wenye hadithi ni haki yao.

Vitabu ni vya Kiingereza, wanafunzi wangu ni wa Kiswahili. Nitafsiri? (Mwalimu wa chekechea, Mombasa)

Usitafsiri mstari kwa mstari, utawapoteza. Kisome peke yako mpaka kikukae kichwani, kisha fungua picha na usimulie kwa Kiswahili chako, ukianza na "Paukwa!" wao wakuitikie "Pakawa!"

Kinachofaa sana kwa kazi hiyo ni *Joseph Had a Little Overcoat* cha Simms Taback, kilichopata mwaka 2000 medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha vya watoto. Koti la Joseph limechakaa, analikata linakuwa jaketi. Jaketi linakuwa kizibao, kisha skafu, tai, leso, na mwisho kifungo. Hata kifungo kinapotea, naye anatunga kitabu kuhusu hayo yote. Kurasa zimetobolewa, kwa hiyo watoto wanachungulia tunduni kubahatisha nguo inayofuata. Kisa chenyewe kimetokana na wimbo wa Kiyidi, basi usione haya kukiimba.

Je, Golem kinafaa kwa mtoto wa miaka mitano? (Shangazi, Nairobi)

Hapana, subiri. Kitabu cha David Wisniewski cha 1996 kina picha za karatasi zilizokatwa kwa ustadi wa ajabu, lakini kinasimulia jinsi Wayahudi wa Prague walivyosingiziwa kutumia damu ya watoto wa Kikristo, na rabi akafinyanga golem, yaani jitu la udongo, kuwalinda. Umati unalivamia lango la mtaa wao, na ukurasa huo unatisha. Akifika miaka minane au tisa, someni pamoja mchana. Atakuuliza kwa nini walisingiziwa. Uwe na jibu la kweli kabla hujakifungua.