Barua kwa mwanangu: mtoto wa chumba cha pili

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimemfikishia mama yako. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, nikaona jambo lenyewe halifai kujibiwa kwa simu ya haraka haraka. Unasema kwenye nyumba mnayopanga hapo Isevya kuna mtoto wa kike, kama wa miaka tisa au kumi, aliyeletwa kutoka kijijini kukaa na shangazi yake. Shule haendi. Usiku unamsikia akipigwa, mchana anapita uani na sweta ya mikono mirefu katika jua hilo la Tabora. Wapangaji wenzako wanakwambia hayo ni mambo ya ndani, na samaki mkunje angali mbichi. Ndipo ukaniuliza: "Baba, mimi nina haki gani ya kuingilia malezi ya mtoto wa watu?"

Haki unayo, na wajibu pia unao. Sheria nitaifikia. Kwanza nikusimulie habari ya mtoto mmoja wa zamani, tuliyosomeshwa tulipokuwa tunajifunza kazi ya ustawi wa jamii. Nimeikumbuka kila nilipopiga hodi kwenye mlango ambao wenyewe hawakutaka nifungue.

Aliitwa Mary Ellen Wilson, alizaliwa mjini New York, Marekani, mwaka 1864. Baba yake alikuwa askari, akafia vitani. Mama yake akalazimika kutafuta kibarua, mtoto akamwacha kwa mwanamke wa kumlea kwa malipo. Pesa zilipokatika, yule mwanamke akampeleka mtoto kwenye idara ya mji iliyoshughulikia maskini na yatima. Hajatimiza hata miaka miwili, idara ikamkabidhi kwa familia moja kwa mkataba. Mume wa familia ile alifariki, mke akaolewa tena, akaitwa Mary Connolly. Huyo ndiye mtoto aliyemjua kama mama.

Hapa huwa nasimama. Mkataba ule uliwataka walezi watoe taarifa ya hali ya mtoto kila mwaka. Karatasi ilisema hivyo, imetiwa saini. Taarifa zenyewe zilitolewa mara chache tu katika miaka yote ile, na hakuna aliyetoka ofisini kwenda kumtazama mtoto kwa macho. Nimefanya kazi hii mpaka nimestaafu, na hakuna kinachonikera kama mtoto aliyemo kwenye faili halafu hayumo kichwani mwa mtu yeyote.

Jengo walilokaa lilikuwa la vyumba vya kupanga, familia juu ya familia, kuta nyembamba. Majirani walisikia, wengi wao. Mmojawapo alikuwa mama mgonjwa wa kifua kikuu, amelala kitandani hajiwezi, na kilio cha mtoto kilikuwa kikimjia ukutani mchana na usiku. Mwishoni mwa mwaka 1873 habari zikamfikia Etta Angell Wheeler, mama wa kanisa la Kimethodisti aliyekuwa akizunguka kuwatazama maskini na wagonjwa wa mitaa ile.

Mwanangu, soma vizuri alichofanya. Hakwenda kugombana mlangoni. Alijua akianzisha ugomvi, mlango ungefungwa na mtoto angelipa usiku uleule. Alipiga hodi akamwambia Mary Connolly kwamba jirani yake ni mgonjwa sana, akamwomba awe anamchungulia mara mojamoja. Wakati anaongea hayo, macho yake yako kwa mtoto. Ilikuwa Desemba, majira ya baridi kali kule, na mtoto yuko peku, amevaa kigauni chepesi. Anaosha vyombo, anahangaika na kikaango kizito kinachomshinda nguvu. Alikuwa na miaka tisa ila umbo lake lilikuwa la mtoto wa miaka mitano. Mezani umelala mjeledi wa ngozi iliyosokotwa. Mikono na miguu yake imejaa alama za mjeledi huohuo. Etta Wheeler hakusema kitu. Aliyaweka moyoni, akaaga, akaanza kutafuta msaada.

Msaada ulimzungusha miezi. Polisi wakamwambia alete ushahidi. Vyama vya kusaidia watoto wakamwambia wako tayari kumpokea, mradi aletwe kwao kwa njia ya sheria. Kila ofisi ilikuwa na jibu sahihi, na mtoto akaendelea kupigwa. Mwisho akamwendea Henry Bergh, mzee aliyekuwa ameanzisha mwaka 1866 chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, maarufu mjini kwa kuwatetea farasi wa mikokoteni.

Utasikia watu wakisimulia, hata kwenye semina za watu waliosoma, kwamba Mary Ellen aliokolewa kwa sheria ya wanyama kwa kuwa sheria ya watoto haikuwapo. Si kweli, na ukiielewa vibaya sehemu hii, habari nzima inakupotea. Bergh mwenyewe aliieleza mahakama kwamba amekuja kama binadamu, si kama mwenyekiti wa chama cha wanyama. Kupiga na kujeruhi lilikuwa kosa hata wakati ule, na njia ya kumwondoa mtoto kwa mlezi mkatili ilikuwamo kisheria. Sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kuamka asubuhi na kuifuatilia kwa niaba ya mtoto asiye na sauti.

Jambo la kwanza Bergh alilomwambia mama Wheeler ni kwamba maneno ya mdomoni hayatoshi: kumwingilia mlezi kunataka ushahidi ulionyooka, basi aandike yote aliyoyaona. Akaandika, na majirani wakatoa ushahidi wao. Bergh akatuma mtu wake kwenye kile chumba, akajifanya mhesabu watu wa sensa, akamwona mtoto kwa macho yake. Wakili wa chama, Elbridge Gerry, akatafuta kipengele cha zamani cha sheria kilichomwezesha hakimu kuamuru mtoto aletwe mbele yake.

Tarehe 9 Aprili 1874 Mary Ellen akafikishwa mbele ya Jaji Abraham Lawrence, amebebwa, amefunikwa blanketi la gari la farasi kwa sababu nguo za maana hakuwa nazo. Usoni alikuwa na jeraha la mkasi aliokatwa nao. Akaulizwa, akajibu. Alisema anapigwa karibu kila siku na hajui anapigwa kwa kosa gani. Alisema hakumbuki kubusiwa na mtu, hajawahi kuruhusiwa kucheza na watoto wenzake, hakumbuki hata kuwahi kutoka barabarani, na kwa yule mama hataki kurudi. Miongoni mwa waliokuwa pale ni mwandishi wa habari Jacob Riis, naye aliandika kwamba wanaume wazima walilia. Mary Connolly alipatikana na hatia, akafungwa mwaka mmoja.

Jiulize hayo yalikuwa majira gani huku kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka mmoja tu kabla, 1873, na bara bado watu walikuwa wakiuzwa, watoto wakiwamo, kwenye njia hiihii ya misafara kutoka Ujiji kupita Tabora mpaka pwani. Kwa hiyo asije mtu akakwambia ukatili ni wa taifa fulani au rangi fulani.

Baada ya kesi mtoto alipelekwa kwenye nyumba ya kulea wasichana wakubwa wenye matatizo yao. Etta Wheeler akaona hapamfai, akamrudia jaji, akapewa yeye mamlaka juu ya mtoto. Akampeleka kwa mama yake mzazi, shambani karibu na Rochester. Bibi yule alipofariki, mtoto akalelewa na dada yake Etta. Akajifunza kukimbia kwenye majani na kucheza na wenzake. Mwaka 1888 aliolewa, akazaa mabinti wawili. Wa kwanza akampa jina la Etta. Akalea na yatima mmoja. Alifariki mwaka 1956 akiwa na miaka 92. Kutokana na kesi ile, Desemba 1874 kikaanzishwa mjini New York chama cha kwanza duniani cha kuzuia ukatili kwa watoto, na mwaka 1883 mji wa Liverpool, Uingereza, ukafuata na cha kwao.

Sasa turudi Isevya.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Inasema "mwanajamii yeyote". Haijasema mzazi, wala ndugu, wala balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo wanaokuuliza wewe ni nani, umeshajua la kuwajibu. Na kuhusu samaki kukunjwa angali mbichi, mimi nimekulea wewe na wadogo zako na methali hiyo naijua. Inazungumzia malezi. Mtoto anayefichwa chini ya sweta ana kitu ambacho aliyemfanyia anajua hakifai kuonekana.

Shangazi yake usimkabili, na hasa usimkabili usiku ukiwa na hasira. Nenda kama mtu wa nyumba moja: peleka kibakuli cha mboga, omba kiberiti, mwombe mtoto akushikie ndoo bombani. Ukimpata peke yake usimhoji kama polisi. Muulize jina lake na kijiji alichotoka. Kijiji ni muhimu sana, maana huenda mama yake yuko hai na anadhani mwanawe anasomeshwa mjini. Watoto wengi niliowarudisha Kasulu na Kibondo wazazi wao walikuwa wameahidiwa shule.

Kisha andika. Daftari dogo, usiku gani, saa ngapi, umesikia nini, umeona nini, nani mwingine alikuwapo. Usiongeze neno. Ushahidi wa jirani asiyetia chumvi una uzito kuliko hotuba. Wapangaji wenzako wanaonung'unika pembeni, mwombe hata mmoja akubali kusema alichosikia.

Ila uandishi usikucheleweshe. Mama Wheeler alihangaika miezi kwa sababu hakukuwa na mlango wa kubisha, na wewe milango ipo. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, haikatwi salio, piga leo. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wapelekee taarifa, na kama unaweza iwe ya maandishi, ubaki na nakala. Manispaa ina afisa ustawi wa jamii. Mwombe aje yeye mwenyewe amwone mtoto, asiridhike na kumwita shangazi ofisini. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto akiwa na majeraha watampa PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, atibiwe. Ukisikia usiku mmoja kwamba mambo yamezidi, achana na daftari, waamshe majirani, mgonge mlango ule kwa wingi wenu na polisi waitwe.

Utazungushwa, nakwambia mapema. Mmoja atasema afisa yuko safarini, mwingine atasema mkayamalize nyumbani. Rudi kesho yake. Ofisi ikishajua kwamba yupo mtu atakayerudi kuuliza, faili lile haliwekwi chini ya mengine.

Uliogopa pia kwamba mtoto akitolewa pale atatupwa wapi. Ustawi wa jamii wana orodha ya walezi wa kuaminika, watu waliokaguliwa, ambao hukaa na mtoto kwa muda wakati ndugu wanatafutwa. Nimemsomea mama yako barua hii yote, akaniuliza jambo moja tu, kama na sisi wazee tunaweza kuandikwa kwenye orodha hiyo hapa Kigoma. Kesho asubuhi nakwenda ofisi ya ustawi kuuliza taratibu. Wewe nitafutie jina la kijiji, na Jumapili jioni uwe hewani, nitakupigia.

Baba yako